Maisha ya Pestalozzi, Mwalimu wa Watoto Waliotupwa



Wenzetu wa seksioni ya pedagojia wanajua jina la Pestalozzi. Wanaliandika katika kaye, wanalirudilia siku ya mtihani, kisha wanalisahau. Wengine kati yetu hata jina hawajalisikia. Juu ya hiyo sisi wa kamati ya gazeti tumeona vizuri kueleza maisha yake hapa. Si kwa ajili ya pointi za mtihani, ni kwa sababu ya swali moja ambalo linatugusa sisi wote, wanafunzi na waalimu: mtoto ambaye kila mtu anasema ameharibika, je, anaweza kufundishwa? Na kama anaweza, mtu aanzie wapi?

Johann Heinrich Pestalozzi alizaliwa tarehe 12 mwezi wa kwanza 1746 katika mji wa Zurich, inchi ya Uswisi. Zurich wakati ule ulikuwa mji wa Waprotestanti tangu siku za Zwingli. Baba yake alikuwa munganga wa kupasua. Alikufa mwaka 1751, na Heinrich alikuwa na miaka 5 tu. Kabla ya kufa, baba alimwita mtumishi wa nyumbani, binti mmoja wa mashamba jina lake Barbara Schmid, akamwomba asimwache mama peke yake na watoto. Yule binti aliahidi, na ahadi yake aliishika mpaka mwisho. Wao walimwita Babeli. Alikuwa anakwenda sokoni nyuma ya wengine wote, saa ambapo wauzaji wanataka kurudi kwao, sababu saa ile mboga inashuka bei. Alikataza watoto kutoka inje ovyo ili viatu na nguo visiishe upesi. Hivi familia iliishi bila kuonekana mbele ya watu kama wamekuwa maskini. Sisi tunafikiri Pestalozzi alipata mafundisho yake ya kwanza ya filozofia kwa huyu Babeli, mbele ya vitabu vyote.

Shuleni hakuwa kitu. Mikono yake ilikuwa mizito, mwandiko wake mubaya (na ulibaki mubaya mpaka uzee wake), nguo zake hazikukaa vizuri, na wenzake walimpa jina la kumchekelea. Lakini alikuwa na babu yake, mchungaji wa parokia ya Höngg karibu na Zurich. Siku za likizo babu alimchukua wakati wa kutembelea wagonjwa na maskini katika nyumba zao. Njo kule mtoto aliona umaskini kwa macho.

Kwanza alitaka kuwa mchungaji kama babu. Aliiacha ile njia, akajaribu masomo ya sheria, akaiacha vilevile. Vijana wa Zurich wakati ule walikuwa wanasoma sana vitabu vya Jean-Jacques Rousseau. Kitabu chake juu ya malezi, Émile, kilitoka mwaka 1762 na wakubwa wa Paris na wa Genève wakaamuru kichomwe moto. Rousseau alifundisha kwamba mtoto anazaliwa mwema, na ni watu ndio wanamharibu. Kwa Wakristo lilikuwa neno gumu, maana kanisa linafundisha kwamba mwanadamu anazaliwa na zambi. Pestalozzi alilibeba hili neno maisha yake yote, akaligeuza-geuza. Tutaona mbele alilifanya nini.

Mwaka 1769 alioa Anna Schulthess, binti wa tajiri, ambaye alimpita miaka 8. Wazazi wa Anna hawakupenda hata kidogo, na kwa hesabu ya feza hawakukosea. Alinunua udongo karibu na kijiji cha Birr, akajenga nyumba akaiita Neuhof, ni kusema shamba jipya. Udongo ulikuwa zaifu, na mtu aliyemkopesha alirudisha mkono. Mwaka 1770 walizaa mtoto mmoja tu, mwanamume, wakamwita Jean-Jacques kwa heshima ya Rousseau. Baba alijaribu kumlea kama kitabu cha Émile kinavyosema. Matokeo: karibu na miaka 12 yule mtoto hakujua bado kusoma na kuandika vizuri. Baadaye alishikwa na ugonjwa wa kifafa, akafa mwaka 1801. Tunaandika jambo hili waziwazi kwa sababu vitabu vingi vinalipita mbio.

Shamba lilipokufa, Pestalozzi alifanya jambo ambalo mtu mwenye deni hafanyi. Mwaka 1774 alianza kuingiza watoto maskini ndani ya nyumba yake. Miaka michache mbele ya hapo njaa kali ilipita katika inchi, na watoto wengi walikuwa wanaomba-omba barabarani. Wengine walikuwa wamegawiwa kwa wakulima, wakitumika kama nyama za kazi. Aliwavalisha, akawapa chakula, akawafundisha kusokota pamba na kufuma, na kulima wakati wa joto. Wakati mikono inatumika, yeye anawafundisha kusema vizuri, kuhesabu, kusoma. Mawazo yake yalikuwa hivi: kazi ya watoto italipa mkate wao na masomo yao, na hakuna mtu atakayehitaji kuwaonea huruma.

Hapa watu wanamlaumu mpaka leo. Wanasema alitumikisha watoto. Yeye alijibu kwamba wale watoto walikuwa wanatumikishwa tayari na wengine, bila kufundishwa kitu. Jibu hili lina nguvu, lakini hesabu yake haikuwa ya kweli. Mtoto wa miaka 9 aliyefika jana na vidonda na tumbo tupu hawezi kusokota uzi wa kulipa mkate, nguo na mwalimu. Tena wazazi walikuja siku za yenga, na walipoona mtoto amevaa nguo mpya na amenenepa kidogo, walimwondoa. Vitambaa havikuuzwa vizuri. Mwaka 1780 ile nyumba ilifungwa, na mali ya Anna ilikuwa imeisha karibu yote.

Kuna neno lingine la wakati ule ambalo sisi hatulikubali. Pestalozzi alisema mtoto wa maskini alelewe ili aweze kuishi katika umaskini. Alikuwa na sababu: aliona watoto wanatolewa barabarani, wanazoezwa mambo ya matajiri, kisha wanarudishwa pale pale bila kujua kazi yoyote. Hata hivyo, nani anajua mbele mtoto fulani ataishi wapi? Babu yetu mmoja akisoma hii habari angeuliza: na wewe Pestalozzi, nani alikulea kwa ajili ya Neuhof?

Miaka karibu 18 ilifuata, miaka ya haya. Majirani walimpita njiani bila kumsalimu. Msichana mmoja, Elisabeth Näf, alikuja kutumika kwao bila kuogopa umaskini wao, akaisimamisha tena nyumba na bustani. Pestalozzi alianza kuandika. Kwa kukosa feza ya kununua kartasi, aliandika katika nafasi tupu za kitabu cha zamani cha hesabu. Hivi alitunga Lienhard und Gertrud, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1781: habari ya mwanamuke mwenye watoto wengi na bwana mlevi, ambaye anaanza kutengeneza kijiji chote akianzia jikoni kwake. Watu walikipenda sana, walilia, wakakifunga. Mwaka 1783 alitoa kitabu kingine juu ya wasichana waliowaua watoto wao wachanga. Sheria ya wakati ule iliwakata kichwa. Yeye alitafuta kwanza ni nini kiliwafikisha pale: bwana aliyewadanganya na kukimbia, haya mbele ya parokia, malipo ya hukumu, wazazi waliowafukuza. Ukisoma orodha ile unaelewa namna yake ya kufikiri juu ya kila mtu aliyeanguka.

Mwaka 1792 bunge la Ufaransa lilimpa heshima ya kuwa raia wa Ufaransa, pamoja na watu wakubwa kama Washington. Feza haikuongezeka.

Mwaka 1797 alitoa kitabu kigumu, ambacho karibu hakuna aliyekisoma. Ndani yake alieleza kwamba mtu anaundwa mara tatu. Anaundwa na asili, kama mnyama asiye na ubaya lakini anayetafuta chakula chake. Anaundwa na watu wenzake, kwa sheria na woga na faida. Mwisho anajiunda mwenyewe, pale anapochagua lililo jema hata kama hakuna anayemwona na hakuna faida. Basi hapa alikuwa ametoka kwa Rousseau. Mtoto hazaliwi malaika, wala hazaliwi shetani. Ana mbegu ndani yake, na mbegu haioti kwa kupigiwa kelele. Mtu wa inje anaweza kuweka maji na jua. Kuota, hapana, haiwezekani kumwotea mwingine.

Ilibaki kuionyesha kwa matendo, na yeye alikuwa sasa mzee wa miaka 52.

Katika mwaka 1798 waaskari wa Ufaransa waliingia Uswisi, na serikali mpya ikawekwa. Watu wa Nidwalden, Wakatoliki wa milimani, walikataa kuapa. Tarehe 9 mwezi wa tisa waaskari walipanda kule, wakaua watu karibu 400, wanawake na watoto ndani yao, wakachoma nyumba mingi za mji wa Stans na vijiji vyake. Mayatima walibaki wanazunguka katika majivu. Serikali ilitafuta mtu wa kuwakusanya, na Pestalozzi alikubali. Tufikiri kidogo juu ya hali yake: Mprotestanti kati ya Wakatoliki, tena mtu wa serikali ile ile ambayo rafiki zake walikuwa wameua wazazi wa watoto. Hakuna aliyemtaka. Nyumba ya masista ilikuwa haijamalizika kutengenezwa, vumbi lilijaa, baridi ilikuwa kali. Tarehe 14 mwezi wa kwanza 1799 watoto wa kwanza waliingia.

Walifika na upele mpaka wengine hawakuweza kutembea vizuri, na vidonda vya kichwa, na nguo zilizojaa chawa, wamekonda kama mifupa mitupu. Wengine walikuwa wajeuri, wamezoea kuomba na kudanganya. Wengine walikuwa watoto wa watu waliokuwa na mali zamani, wanazarau wenzao. Katika watoto kumi, kwa shida utapata mmoja anayejua herufi. Hesabu yao ilifika karibu 80, na yeye alikuwa na mwanamuke mmoja tu wa kusaidia mambo ya nyumba.

Alianzia wapi? Njo swali letu. Hakuanza na kitabu, kwa sababu hakuwa nacho. Hakuanza na sheria za nyumba, hata na mahubiri hakuanza, yeye aliyetaka kuwa mchungaji. Alikula mchuzi wao, alikunywa kikombe chao, alilala kati yao. Alikuwa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Walipougua alikuwa pale, na usiku aliomba na kuzungumza nao kitandani mpaka wakapata usingizi. Alitaka mtoto ajue kwanza, kwa ngozi na kwa tumbo, kwamba kuna mtu anayemtakia mema. Baada ya hii, hatua ya pili: mtoto azoee kujizuia na kumtendea mwenzake mema, katika mambo madogo ya kila siku, mpaka mwili uzoee. Maneno juu ya mema na mabaya yanakuja mwisho, hatua ya tatu, wakati mtoto ana kitu tayari ndani yake cha kufikiria. Shule nyingi zinashika njia hii kwa kinyumenyume: maneno kwanza, mazoezi kidogo, na moyo kama muda umebaki.

Kwa masomo, wakubwa waliojua kidogo waliwekwa katikati ya wadogo wawili watatu, wakiwashika mabega na kuwafundisha walichojua. Yeye mwenyewe aliona jambo hili kama ajabu: mtoto mwalimu hamzarau mwanafunzi wake.

Mwezi wa nne mji wa Altdorf uliungua kwa moto. Pestalozzi aliwakusanya watoto wake, akawaeleza kwamba kule kuna watoto wengi bila nyumba, akawauliza kama wanataka aombe serikali ilete 20 hivi. Wakapiga kelele za kukubali. Hakuishia hapo, kwa sababu kelele za kukubali ni rahisi. Aliwaambia wafikiri vizuri: feza haitaongezeka, watakula kidogo kuliko sasa, watatumika zaidi, na pengine watagawanya nguo zao. Akawaomba wasikubali kama hawako tayari kwa mambo haya yote. Wakarudia kukubali. Hawa ni watoto ambao miezi mitatu nyuma walikuwa wananyanganyana mkate.

Hatutaki kumfanya mtakatifu. Kule Stans alipiga watoto makofi, na yeye mwenyewe aliandika jambo hili. Alijitetea kwamba kofi la mtu anayelala nawe na kula nawe si sawa na kofi la mwalimu anayekutana nawe saa mbili tu, na kwamba watoto wake hawakumchukia, walimpa mkono baada ya kofi. Katika kamati yetu tumebishana sana juu ya sehemu hii. Wengine wanasema ana haki. Wengine wanasema kila mtu anayepiga anajisemea hivyo, yule wa saa mbili pia. Tumeshindwa kupatana, basi tunawaachia ninyi na waalimu wetu. Kitu kimoja ni cha hakika: katika nyumba yake ya baadaye, Yverdon, hakupenda fimbo, wala zawadi, wala mashindano ya kumshinda mwenzako.

Wazazi na ndugu waliobaki walimsumbua kama vile Neuhof. Walikuja kunongoneza watoto pembeni warudi nyumbani, na wengine walidai walipwe, eti kwa sababu mtoto akikaa shuleni hawezi kuleta feza ya kuomba-omba! Kidogo kidogo walitulia. Lakini vita ilirudi. Tarehe 8 mwezi wa sita 1799 waaskari wa Ufaransa walitaka nyumba iwe hospitali, na watoto wengi wakatawanywa. Miezi mitano tu. Pestalozzi alikuwa anatema damu kwa uchovu, wakampeleka milimani kupumzika. Alitumia wakati ule kuandika barua ndefu juu ya Stans, na mpaka leo wale wanaochunga watoto wa barabara wanasoma ile barua kuliko vitabu vyake vikubwa.

Tusikawie katika yaliyofuata, maana ni yale ambayo wenzetu wa pedagojia wanayo katika kaye. Mwaka ule ule alikwenda mji wa Burgdorf, wakampa kalasi ya maskini katika nyumba ya fundi viatu, ambaye ndiye alikuwa mwalimu. Wazazi walilalamika: kama mafundisho mapya yanataka kujaribiwa, yajaribiwe kwanza kwa watoto wa matajiri. Ni malalamiko yenye akili, tukisema kweli. Alipata mahali pengine, kisha shule katika boma la mji, na mwaka 1801 alitoa kitabu cha namna yake ya kufundisha: kutoka kitu kwenda neno, kutoka jambo la karibu kwenda la mbali, kutumikisha kichwa, moyo na mikono pamoja. Wakamtuma Paris kati ya wajumbe wa Uswisi. Napoleon hakuwa na wakati wa kusikiliza mambo ya a-be-ce.

Kutoka 1805 mpaka 1825 alikuwa Yverdon, katika Uswisi ya luga ya Kifaransa. Hapa sifa ilimfuata. Watoto walitoka Ujerumani, Ufaransa, Urusi, hata Marekani. Fröbel, ambaye baadaye alianzisha shule za watoto wadogo, alikaa kwake miaka miwili. Robert Owen wa Uingereza alimtembelea 1818. Mwaka 1814, wakati wa vita, walitaka tena kufanya boma lake kuwa hospitali ya waaskari. Mzee alikwenda Basel mbele ya mfalme wa Urusi mwenyewe, akasema naye kwa nguvu mpaka boma likaachwa. Kumbe alikuwa hajasahau Stans.

Lakini wale wa Yverdon wengi walikuwa watoto wa kulipa, watoto wa wenye mali. Yeye aliona. Waalimu wake wakubwa waligombana miaka mingi, Anna alikufa mwezi wa kumi na mbili 1815, na mzee hakuacha kusema kwamba kazi yake ya kweli haijaanza. Feza ya vitabu vyake ilipoingia, mwaka 1818 alifungua shule ya maskini kule Clindy, karibu na Yverdon, akitaka watoto maskini wawe waalimu wa maskini wenzao. Kwa mwaka mmoja tu iliingizwa ndani ya boma pamoja na shule ya matajiri, ikapotea humo. Mwaka 1825 boma lenyewe lilifungwa. Alirudi Neuhof kwa mjukuu wake, mahali alipoanzia, bado na nia ya kujenga nyumba ya watoto maskini pale.

Mwaka 1826, mwaka mmoja mbele ya kufa, alitembelea Beuggen karibu na Basel. Kule alikuwapo Christian Heinrich Zeller, Mprotestanti wa uamsho, aliyekuwa na nyumba ya watoto waliotupwa pamoja na shule ya waalimu wa maskini. Zeller alijifunza kwa Pestalozzi, lakini hakukubali filozofia yake yote: kwake mbegu njema haitoshi, moyo wa mtoto unahitaji kuokolewa na Kristo. Pestalozzi alijua haya, na alikwenda. Alikuta yale aliyoyatafuta miaka 50: watoto wa barabara wameshiba, wanasoma, wanatumika, wanaimba. Walimletea taji la majani ya mti. Alikataa kuvaa, akasema lile ni la wasio na kosa, siyo lake, na machozi yakamshinda.

Alikufa tarehe 17 mwezi wa pili 1827 katika mji wa Brugg. Walimzika Birr, kandokando ya nyumba ya shule ya kijiji, kama alivyotaka. Mwaka 1846, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, ile shule ilijengwa upya na kaburi likafanywa katika ukuta wake. Na mwaka 1946, baada ya vita ya pili ya dunia, Waswisi walifungua kule Trogen kijiji cha mayatima wa vita kutoka inchi mbalimbali, wakakipa jina la Pestalozzi.